Kikokotoo Kinachosema Uongo: Wapangaji Hawatakulipia Mkopo wa Ghorofa

Haya wasomaji wangu, leo mambo ya simu na seva tuyaweke kando. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na sentensi moja ambayo karibu kila kijana anayefanya kazi ya kompyuta hapa Nairobi ameshaisikia: "Nunua jengo la fleti kwa mkopo, wapangaji watakulipia." Inasemwa kwenye vikundi vya WhatsApp, inasemwa kwenye video za YouTube, inasemwa kwenye semina za Jumamosi hotelini ambako chai ni ya bure. Na siku hizi inasemwa na tovuti. Unafungua ukurasa, unaandika bei ya jengo, unaburuta kitufe, na mstari wa kijani unapanda hadi kona ya juu ya skrini. Mshahara wako unalala, jengo linakufanyia kazi. Nani hataki?

Mimi nasema hivi, na nitaionyesha kwa hesabu: kwa riba tunazotozwa Kenya na kodi tunazolipa Kenya, jengo la kawaida la fleti lililonunuliwa kwa mkopo mkubwa wa benki halijilipii. Wewe ndiwe utakayelilipia, kila mwezi, kutoka mfukoni. Na hawa wanaoandika vikokotoo vya mstari wa kijani wanajua, au wangepaswa kujua.

Kabla hatujaendelea, neno moja la lugha. Kiswahili chetu kinatumia "kodi" kwa pesa ya mpangaji na kwa pesa ya serikali. Hapa chini kodi ni ile ya mpangaji kwa landilodi. Ya serikali nitaiita ushuru. Tusichanganyane.

Sasa tuingie kazini. Tuchukue jengo la mfano, la kubuni lakini la aina tunayoijua sote, kule Ruaka au Roysambu au Kahawa West. Fleti 20 za chumba kimoja cha kulala. Kila fleti kodi 15,000 kwa mwezi. Likijaa, linaingiza 300,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Muuzaji anataka milioni 40. Hiyo ni asilimia 9 ya bei kwa mwaka, na kwa mtu anayeijua Nairobi hapo nimempendelea muuzaji. Majengo mengi ya mitaa ya kifahari hayafiki hapo hata kwa kuota.

Wewe una milioni 12. Benki inakupa milioni 28 zilizobaki kwa riba ya asilimia 14, miaka 15. Fungua lahajedwali yako, iwe Excel au LibreOffice, andika hivi kwenye kisanduku:

=PMT(14%/12;180;-28000000)

(Kama lahajedwali yako inatumia koma mahali pa nukta-mkato, weka koma.) Jibu ni shilingi 372,888 kwa mwezi. Soma tena. Jengo likijaa hadi chumba cha mwisho, wapangaji wote 20 wakilipa tarehe moja asubuhi, bila balbu hata moja kuungua, linaingiza 300,000. Mkopo unadai karibu 373,000. Kuna pengo la 73,000 kabla hujamlipa hata mlinzi.

Tena kuna kitu kibaya zaidi ya hapo. Chukua milioni 28, zidisha kwa asilimia 14, gawanya kwa 12. Riba peke yake ya mwezi wa kwanza ni 326,667. Yaani kodi yote ya jengo zima haitoshi hata riba. Deni lenyewe haligusi. Huhitaji shahada ya uchumi kuona hilo, ni mistari mitatu ya hesabu ya darasa la nane.

Lakini jengo lililojaa kila mwezi liko kwenye vipeperushi tu. Katika dunia hii tunayoishi, mpangaji mmoja amehama usiku, mwingine anaomba umvumilie hadi mwisho wa mwezi. Tuseme fleti 2 kati ya 20 haziingizi kitu. Umebaki na 270,000. Toa ushuru wa serikali. Toa asilimia 8 ya ajenti anayekusanya kodi, 21,600. Toa mlinzi, mtunzaji wa jengo, taka, maji na stima ya ngazi, tuseme 30,000. Weka 15,000 za matengenezo, maana tanki litapasuka na choo kitaziba. Weka 8,000 za bima na ada za kaunti.

Kuhusu ushuru tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Kenya ina ushuru maalum wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi. Ulianza Januari 2016 kwa asilimia 10. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, na unamhusu anayekusanya zaidi ya 288,000 na hadi milioni 15 kwa mwaka. Jambo la kuchora mstari chini yake ni hili: unatozwa kwenye kodi yote uliyokusanya. Huruhusiwi kutoa gharama. Huruhusiwi kutoa riba ya benki. Unaweza kuwa unapata hasara kila mwezi na bado KRA inadai asilimia 7.5 yake, ambayo kwa mfano wetu ni 20,250. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna ukachagua utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambao unakubali kutoa riba na gharama. Mwenye mkopo mkubwa anapaswa kufikiria hilo na mhasibu wake. Je, umewahi kuona kikokotoo chochote kikikwambia hivyo?

Basi jumla. 270,000 toa 20,250, toa 21,600, toa 30,000, toa 15,000, toa 8,000. Unabaki na 175,150. Mkopo unadai 372,888. Pengo ni 197,738 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi milioni 2.37 unazotoa kwenye mshahara wako ili uitwe landilodi.

Wapangaji watakulipia? Ndugu yangu, hapa ni wewe unayewalipia wapangaji.

Sasa swali la haki: kama hesabu ni mbaya hivi, sentensi hiyo ilitoka wapi? Haikubuniwa na wajinga. Ilitoka Marekani, na kule ina msingi. Vitabu na video tunazotazama zimetengenezwa na watu wanaoishi kwenye mfumo mwingine kabisa wa mikopo. Kule mtu wa kawaida anapata mkopo wa nyumba wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika hadi siku ya mwisho. Kuna mpango wa FHA, unaodhaminiwa na serikali, ambao unamwezesha mtu kununua nyumba ya familia mbili, tatu hadi nne kwa malipo ya kwanza ya asilimia 3.5, mradi atimize masharti na yeye mwenyewe aishi kwenye mojawapo. Jengo likiwa na fleti 5 au zaidi linahesabiwa kuwa biashara, na hata hapo Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili makubwa ambayo serikali iliyaanzisha, hununua au kudhamini mikopo ya aina hiyo, na malipo ya kila mwezi mara nyingi hupigwa kana kwamba utalipa kwa miaka 30, ingawa salio hudaiwa mapema zaidi. Halafu ushuru wao unamruhusu landilodi kutoa riba, kutoa gharama, na hata kutoa uchakavu wa jengo kwa miaka 27 na nusu.

Tulichukue jengo letu lile lile. Wapangaji wale wale, tanki lile lile lililopasuka, milioni 28 zile zile. Badilisha vitu viwili tu: riba iwe asilimia 6.5, miaka iwe 30. Ukiandika kwenye lahajedwali utaona malipo ya mwezi ni 176,979. Sisi tulibaki na 175,150. Pengo limeshuka kutoka karibu laki mbili hadi kama shilingi 1,800. Ongeza kodi kidogo, na jengo linajilipia.

Umeona? Siri haikuwa kwenye jengo wala kwenye bidii ya landilodi, na haikuwa kwenye zile "fikra za kitajiri" tunazohubiriwa. Siri ilikuwa kwenye mkopo. Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili vizuri sana. Unanakili msimbo wa mtu kutoka mtandaoni, unaubandika kwenye mradi wako, halafu unashangaa haufanyi kazi. Haufanyi kazi kwa sababu uliacha maktaba zote ambazo msimbo ule ulizitegemea. Mwalimu wa semina amekuletea msimbo wa Ohio bila maktaba yake, na anakutoza kiingilio.

Na hata huko kwenyewe mambo si mteremko. Benki kuu yao ilipandisha riba kutoka karibu sufuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 Julai 2023. Wenye majengo ambao mikopo yao ilikuwa ya muda mfupi au ya riba inayobadilika walibanwa vibaya. Waliopumua ni wale wa riba isiyobadilika. Sasa sisi huku mikopo yetu mingi ni ya aina gani? Inayobadilika.

Tuangalie hilo. Mei 2022 riba elekezi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7 kabla haijapandishwa mwisho wa mwezi. Februari 2024 ilikuwa asilimia 13. Haikufika hata miaka miwili. Ilianza kushushwa tena Agosti 2024, na ni kweli mikopo imepata nafuu tangu hapo. Lakini mkopo wako ni wa miaka 15. Ndani ya miaka 15 utaonja kupanda na kushuka mara kadhaa. Tena usitegemee serikali ikufungie riba: ilijaribu Septemba 2016 kwa sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya riba elekezi, na sheria hiyo ikafutwa Novemba 2019. Aliyekopa akidhani kizuizi kile ni cha milele alijionea.

Kwenye mfano wetu, riba ikitoka 14 ikafika 18 mwanzoni mwa mkopo, malipo yanatoka 372,888 yanafika 450,918. Hizo ni 78,000 zaidi kila mwezi. Utawaambia nini wapangaji wako wa Roysambu? Uwaongezee 4,000 kila mmoja? Jengo la jirani limemalizika mwezi jana, lina bango la "VYUMBA VIKO WAZI," na mwezi wa kwanza ni bure. Watahama wote kwa mkokoteni mmoja.

Sasa nawasikia wengine mkinijibu: "Lakini wewe unasahau bei ya jengo itapanda." Sijasahau. Tuhesabu.

Umeshikilia jengo miaka 5. Uliweka milioni 12 za mwanzo. Ukalipa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4, yaani milioni 1.6, na hapo sijaweka wakili wala mthamini wala ada ya benki. Umejaza pengo la 197,738 kwa miezi 60, karibu milioni 11.9. Jumla umetoa kama milioni 25.5 za jasho lako. Na deni je? Kwa miaka hiyo 5 benki imepokea zaidi ya milioni 22 kutoka kwako na kwa wapangaji, lakini salio la deni ni kama milioni 24. Limepungua milioni 4 tu. Ndivyo mikopo hii inavyofanya kazi, miaka ya mwanzo unalipa riba.

Basi ili upate tu pesa yako mwenyewe uliyoweka, bila faida hata ya shilingi moja, lazima uuze jengo kwa milioni 49.5. Yaani bei ipande karibu asilimia 24 ndani ya miaka 5, na hapo hatujagusa ushuru wa faida ya mtaji, ambao tangu Januari 2023 ni asilimia 15 badala ya 5. Jengo lenyewe limezeeka miaka 5, rangi imebambuka, na pembeni yake kuna majengo mapya manne. Kinachopanda bei mara nyingi ni ardhi. Kuta huchakaa.

Kuna anayeweza kusema bei itapanda zaidi ya hapo. Inaweza. Lakini basi tuite jina lake: hiyo ni bahati nasibu ya bei ya ardhi, inayochezwa kwa pesa ya mkopo. Usiniletee kama mapato ya kodi.

Halafu linganisha. Jengo letu linabakisha 175,150 kwa mwezi, sawa na asilimia 5.25 ya bei yake kwa mwaka. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa ushuru. Sisemi viwango hivyo hukaa siku zote, na kuikopesha serikali nako kuna hatari yake. Nasema tu kwamba kulikuwa na watu mwaka ule waliokopa kwa zaidi ya asilimia 15 kununua kitu kinachozaa 5, wakati serikali yenyewe ilikuwa inatafuta wa kuipa 18.

Sasa nije kwa watu wa kazi yangu, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Miaka michache iliyopita kampuni moja inayouza majengo, sitaitaja, ilinitafuta niwaandikie kikokotoo cha tovuti yao. Kazi ndogo, wiki moja, malipo mazuri. Nikawapelekea toleo la kwanza lenye visanduku vya fleti zisizo na wapangaji, gharama, ushuru, na kisanduku cha "riba ikipanda." Jibu likaja: toa vyote hivyo, "vinawatisha wateja." Wakataka jengo lihesabiwe limejaa miaka yote. Wakataka riba iwe ya chini kabisa na mteja asiweze kuibadilisha. Wakataka bei ipande asilimia 10 kila mwaka, imeandikwa ndani ya msimbo, isionekane. Nikawauliza kama ninaweza angalau kuziacha namba hizo mteja azione. Wakasema hapana. Nikawaachia kazi yao. Walimpata mwingine, bila shaka, na mstari wa kijani ukapanda.

Tazama sasa uongo huu ulivyofichwa. Hakuna hesabu iliyokosewa. Fomula ya malipo ni sahihi hadi senti. Ukiikagua huoni hitilafu. Uongo uko kwenye vigeu vilivyofungwa: fleti tupu sufuri, ushuru sufuri, matengenezo sufuri, riba haisogei. Mtu anaona tarakimu zenye nukta mbili mbele na anaamini, kwa sababu kompyuta imesema. Kompyuta haisemi kitu, ndugu yangu. Imesema mtu aliyejaza zile sufuri, na mtu huyo analipwa jengo likiuzwa.

Na wanaowindwa ni sisi. Semina hizi zinatafuta vijana wenye mishahara ya kila mwezi, hasa wale wanaolipwa na kampuni za nje. Benki nayo inajua hesabu niliyoifanya hapa juu, usidhani haijui. Ndiyo maana ukienda kuomba mkopo wa jengo inakuuliza karatasi ya mshahara. Jiulize: kama wapangaji ndio watakaolipa, benki inataka mshahara wako wa nini? Na mshahara usipotosha, inataka dhamana ya ziada.

Hapo kwenye dhamana ya ziada ndipo moyo wangu unaposimama. Mwenzangu mmoja wa kazi, kijana mwerevu, aliniletea hesabu zake niziangalie. Zilikuwa za kikokotoo cha namna hiyo. Pengo la malipo ya mwanzo alitaka kulifunika kwa hati ya shamba la baba yake. Mzee mwenyewe alikuwa tayari kutia sahihi, kwa sababu mtoto amesoma, mtoto anajua kompyuta. Tulikaa tukabadilisha sufuri zile moja baada ya nyingine hadi saa tatu usiku. Hakusaini. Lakini kwa kila mmoja anayekaa na mtu wa kumwonyesha, wako wangapi wanaosaini?

Ukishasaini, sheria inajulikana. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki ikupe notisi ya miezi mitatu ukishindwa kulipa, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, na dalali naye akupe siku 45. Benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri, na ikiuza kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa robo au zaidi, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenzi kukubali. Sheria ya Benki nayo, tangu 2007, inazuia riba ya mkopo ulioshindikana isizidi salio la deni lenyewe. Hizo ni kinga nzuri, zijue. Lakini kinga hizo zinachelewesha mnada tu, hazibadilishi pengo la 197,738.

Nani basi anaweza kununua? Sijasema watu wasimiliki majengo. Nimesema deni libebwe na kodi kama mnavyodai libebwe na kodi. Jengo letu linabakisha 175,150. Mkopeshaji makini anataka mapato yazidi malipo angalau kwa robo, yaani malipo yasipite kama 140,000. Kwa riba ile ya 14 na miaka 15, malipo hayo yanabeba mkopo wa milioni 10.5. Huo ndio mkopo ambao wapangaji wa jengo hili wanaweza kulipa. Milioni 29.5 zilizobaki lazima zitoke mfukoni. Kama wewe na wenzako sita wa chama mnazo, na mna mkataba wa wakili unaosema nani anamiliki nini na anatokaje, nunueni, na mniite kwenye sherehe. Kama muuzaji anaona milioni 40 haziingii kwenye hesabu hiyo, basi ashushe bei. Bei ya jengo haikuandikwa kwenye mbao za Musa.

Wako pia wanaojenga polepole, chumba baada ya chumba, kwenye ploti waliyoinunua zamani, kwa akiba na mkopo mdogo wa sacco. Watu wa semina huwacheka kwamba hawajui "kutumia pesa ya watu wengine." Waacheni wacheke. Yule mama wa vyumba vinane Githurai asiyedaiwa na mtu, wapangaji wawili wakihama anakunja uso tu. Wewe wa fleti 20, wakihama wawili unapigiwa simu na benki.

Ombi langu kwa wasomaji ni dogo. Mtu akikuletea kikokotoo cha jengo, tafuta visanduku vinne: fleti tupu, ushuru, gharama, na riba ikipanda kwa pointi 4. Kisipokuwepo kimoja, au kikiwepo huwezi kukibadilisha, funga ukurasa. Andika ile PMT mwenyewe, itakuchukua dakika moja.

Na kwa waandishi wa programu wenzangu: mteja ana haki ya kuchagua rangi ya kitufe. Hana haki ya kukuamrisha ufiche sufuri ndani ya msimbo ambao mzee wa watu ataweka shamba lake juu yake. Akikuomba hivyo, mrudishie pesa yake.

Aliye na jengo la kweli, la mkopo mkubwa wa benki za hapa kwetu, linalojilipia tangu mwezi wa kwanza, aniletee hesabu zake. Nitaziweka hapa neno kwa neno, na pale zinaponishinda nitasema. Ila alete na risiti za ushuru.